Ekari Kumi za Wyoming

Jimbo la Wyoming lilinuka mafuta ya taa. Hivyo ndivyo nilivyolifahamu kwanza, kwa pua, kabla sijajua liko upande gani wa dunia. Baba alileta kitabu chake nyumbani Jumamosi moja ndani ya kiondo, kimelala juu ya chupa ya mafuta ambayo kizibo chake kilikuwa gunzi la mahindi, na mpaka avuke mabonde mawili na kufika kwetu, kurasa zote za mwanzo zilikuwa zimelowa. Mama alikianika uani kando ya maharagwe, akakigeuzageuza mchana kutwa kwa mikono ileile aliyogeuzia maharagwe. Jioni kilikuwa kikavu, kimevimba kama mkate, na harufu ilikuwa imeingia ndani kabisa, kwenye milima, kwenye reli na kwenye ng'ombe waliopigwa picha wakiwa wamesimama kwenye nyasi zisizo na mwisho.

Kilitoka katika sanduku la vitabu ambavyo wahisani wa ng'ambo walikuwa wameitumia shule ambako baba alifundisha. Walikuwa watu wema ambao hawakuuliza tunahitaji nini. Mlikuwa na mwongozo wa kurekebisha mashua, vitabu vitatu vya kumfunza mtu mzima kuteleza juu ya theluji, na hiki, kitabu cha shule kuhusu jiografia, historia na uchumi wa jimbo moja la magharibi mwa Marekani lenye watu wachache kuliko majimbo yote. Walimu wengine walichukua karatasi za kuwashia moto. Baba, aliyefundisha jiografia darasa la saba na ambaye hakuwahi kwenda mbali zaidi ya Nairobi, alichukua Wyoming.

Ili mtu aelewe kilichompata baba, ni lazima aijue Mukurweini. Mashamba yetu yalikuwa vipande virefu vyembamba, vinavyoanzia juu ya kigongo palipo na barabara na kushuka hadi mtoni, kama vitambaa vilivyotundikwa kwenye kamba. Chetu kilikuwa ekari tatu, zenye kahawa juu, migomba katikati, na majani ya nepia ya ng'ombe wetu mmoja huko chini kwenye unyevu. Mvua ilikuja ilipotarajiwa, na udongo ulikuwa mwekundu, mwororo, wa kushika mkononi kama unga uliokandwa. Tatizo letu halikuwa ardhi. Tatizo lilikuwa majirani. Jirani yetu wa kushoto alikuwa na kikohozi, na kikohozi hicho tulikijua nyakati zake zote, tukakichukulia kama cha kwetu. Mtu akipika vitunguu kwenye kigongo, kigongo kizima kilijua kwamba leo kwa fulani kuna wageni.

Basi mwaka ule, katika kiangazi kirefu cha kuanzia Januari, kila Jumapili baada ya kanisa baba aliketi kibarazani akatusomea kuhusu nchi isiyo na watu. Alisoma kwa Kiingereza, sentensi moja moja, kisha akaifasiri taratibu kwa Kigikuyu akiwa amefumba macho, kama mtu anayeonja kitu kitamu. Jimbo lile lilikuwa na pande nne zilizonyooka, alisema, kwa maana waliolichora hawakujisumbua na mito wala vilima. Waliweka rula tu. Milima ilikaa magharibi, na mashariki yake palikuwa na nyanda za juu, kavu, zenye upepo. Chini ya ardhi kulikuwa na makaa ya mawe na mafuta, na magadi mengi ajabu, magadi ya aina ile tuliyotia kwenye sufuria ili mahindi yaive upesi. Ng'ombe walikuwa wengi kuliko watu. Mtu angeweza kusafiri tangu asubuhi hadi mchana asikutane na binadamu wa kumwamkia.

"Na gari likikwama," mama aliuliza siku moja bila kuinua macho kutoka kwenye ungo wa maharagwe, "nani atalisukuma?"

"Halikwami," baba alisema. "Huko hakuna matope."

"Kama hakuna matope, hakuna mvua."

"Mama Muthoni," baba alisema kwa upole wa mtu anayefundisha darasa gumu, "asiyetembea hudhani mama yake ndiye mpishi pekee."

"Anayetembea naye," mama alijibu, "jioni hurudi kuuliza kama chakula kimeiva."

Mimi ndiye Muthoni huyo, na wakati huo nilikuwa na miaka kumi na moja. Nilikuwa upande wa baba bila kusitasita. Nilikuwa mtoto wa aina inayochosha, anayejua majibu na kuyasema hata kama hakuulizwa, na Wyoming ilinipa majibu ambayo hakuna mtoto mwingine kigongoni aliyekuwa nayo. Baba alisema "Mji mkuu?" nami nikapaza sauti, "Cheyenne!", ambalo sote wawili tulilitamka "Che-ye-ne" kama jina la shangazi. Usingizini niliona nyanda zile za rangi ya simba, nikijiona nimesimama katikati yake peke yangu, nikikohoa kwa sauti na hakuna anayejua.

Ikawa Jumapili moja baba akachukua chaki, akachora mlima kwenye mlango wa ghala. Akachora upepo ukija na mawingu, mawingu yakipanda mlima, mvua ikimwagika upande wa mbele, na upande wa nyuma hakuna kitu. "Hivi ndivyo Wyoming ilivyokauka," alisema. Kisha akaandika juu ya kilele: Kirinyaga, jina letu la Mlima Kenya. Akarudi nyuma hatua mbili akiutazama mchoro wake, nami nikaona mabega yake yakitulia. Sisi tulikuwa upande wa mbele. Upande wa nyuma wa mlima wetu, kuelekea kaskazini magharibi, palikuwa Laikipia, nyanda za juu, kavu, zenye upepo. Huko nako wafugaji walikuwa wameondolewa ili wageni wenye bunduki na karatasi wachukue malisho, sawa na ilivyofanyika Wyoming. Huko nako reli ilikuja, na nyaya za seng'enge zikafuata. Na sasa, miaka mingi baada ya uhuru, baadhi ya mashamba hayo makubwa yalikuwa yakikatwa vipande na kuuzwa kwa watu kama sisi. Baba hakuhitaji ndege. Wyoming ilikuwa mbele kidogo ya mji wa Nanyuki.

Dalali aliyeuza vipande hivyo aliitwa Kariuki, mtu wa maneno laini na viatu ambavyo havikuwahi kuwa na vumbi, jambo ambalo lingepaswa kututahadharisha kuhusu ardhi anayoiuza. Aliahidi ekari kumi. Ili kuzipata ilibidi kuuza zetu tatu, na jirani mwenye kikohozi alikuwa tayari kununua hata kesho. Tatu kwa kumi! Kigongoni hakukuwa na mtu ambaye hakuielewa hesabu hiyo, na ndilo lililokuwa kosa letu watu wa mvua. Tangu babu zetu tulikuwa tumepimiana ardhi kwa hatua, kamba na ugomvi, tukajua kwamba ekari ni ekari. Haikutupitia akilini kwamba neno hilo lina mvua ndani yake, na kwamba ukilihamisha nyuma ya mlima mvua hiyo haiji nawe.

Tulikwenda kuiona mwezi wa Machi, baba, mama na mimi, ndani ya pikapu ya Kariuki. Hata sasa siwezi kuieleza siku hiyo bila kuzidisha, kwa hiyo nitazidisha kidogo. Mlima, ambao kwetu ni kitu cha mbali kinachojificha mawinguni, huko ulikuwa umegeuka na kuonyesha mgongo wake, wazi, karibu, wenye meno meupe. Mbele yetu ardhi ilinyooka mpaka macho yakachoka. Nyasi zilikuwa za rangi ya chai ya maziwa, na upepo ulipita juu yake kwa mistari, kama mkono unaopapasa manyoya ya paka. Punda milia watano walituangalia bila hamu. Hakukuwa na sauti ya mtu yeyote. Nilikohoa. Sauti ikaenda zake isirudi. Baba alivua kofia akaishika kifuani, na nilipomwangalia niliona kwamba alikuwa analia, kimya kimya, huku Kariuki akimwonyesha vigingi vinne vya mti vilivyochomekwa ardhini katika pembe zilizonyooka sawasawa.

Mama hakuviangalia vigingi. Alikuwa amemwona mwanamke akipita kwa mbali na punda wawili waliobeba madumu matupu, naye akaanza kumfuata. Nilitumwa kumwita, na badala ya kumrudisha, nikajikuta nimechukuliwa. Mwanamke huyo aliitwa Nduta. Alikuwa mtu wa Othaya, kigongo cha karibu na chetu, na waliposalimiana tu alishika mkono wa mama kwa mikono yote miwili asiuachilie kwa muda.

"Mmekuja kununua?" aliuliza.

"Mwalimu amekuja kununua," mama alisema. "Mimi nimekuja kuona unapochota maji."

Nduta alicheka, cheko fupi. "Basi vaa viatu vizuri, dada."

Tulitembea. Jua lilipanda likakaa juu ya vichwa vyetu. Nduta alisema walihamia miaka minne iliyopita, wakiwa na mbegu za viazi na miche ya kahawa. Kahawa! Alitaja miche hiyo kama mtu anavyowataja watoto waliofariki. Alisema mvua huko huwa inaonekana vizuri sana. Ilisimama mlimani ikawaangalia, kisha ikaenda kunyesha kwa watu wengine. Mwishowe tulifika kwenye korongo la mchanga lililochimbwa shimo linalomfika mtu kiunoni. Akashuka ndani, akaanza kuchota kwa kikombe cha bati, kikombe kimoja, akangoja shimo lijae, akachota kingine. Mama alishuka akamsaidia. Walichota kwa zamu, na madumu yalipojaa kivuli changu kilikuwa kimezunguka kikaanguka upande wa pili. Nduta alitaka tunywe. Mama alikataa, akasema hatuna kiu. Mdomo wangu ulikuwa umeshikana kama bahasha, lakini nilimwangalia usoni nikanyamaza.

"Mlikuwa wapi?" baba aliuliza tuliporudi. Alikuwa ameungua shingo kwa jua na uso wake ulikuwa wa kijana.

"Tulikwenda kuchota maji."

"Na yako wapi?"

"Yamebaki kwa mwenyewe," mama alisema, akapanda garini.

Baada ya hapo hakuzungumza juu ya jambo hilo kwa wiki tatu. Baba aliufasiri ukimya huo kuwa ni kukubali, kwa maana wanaume wengi waliosoma huwa na lugha hiyo moja ambayo hawaijui. Siku moja mama aliniita chini kwenye nepia. Alikuwa amekaa juu ya mzigo wa majani, na mapajani mwake, kimefunikwa kwa leso, kulikuwa na kitabu. Yeye alifika darasa la nne na Kiingereza hakukisoma. "Nimekuwa nikimwangalia baba yako akifunua," alisema. "Kuna mahali anaruka kila mara. Hapa. Nisomee."

Nilisoma. Nilifasiri nikichechemea, nikiruka maneno nisiyoyajua kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Mlango ule wa kitabu ulieleza kuhusu wakulima waliotoka mashariki, kwenye mvua, wakapewa na serikali ekari mia moja na sitini kila familia katika nyanda zile kavu. Walikuja na plau na tumaini. Kulikuwa na picha ya nyumba ya mbao ambayo mlango wake umeachwa wazi, na nyasi zimeota hadi kizingitini. Mama alinitaka nirudie namba ile. Mia moja na sitini. Akaiandika kwa kidole kwenye udongo. Kisha akaniuliza kama kuna jambo jingine, nikamwambia kwamba ukurasa wa pili unasema huko ndiko wanawake walikopewa kura kabla ya mahali pengine popote katika nchi ile. Mama alifikiri kidogo. "Bila shaka," alisema. "Wanaume walikuwa wameishiwa mawazo." Nilijua nimefanya jambo zito, ingawa sikujua jina lake. Jioni hiyo baba aliponiuliza mji mkuu nilimjibu nikiangalia miguu yangu.

Kwetu ardhi haiuzwi mpaka bodi ya ardhi ya tarafa ikubali, na bodi haikubali mpaka mke asimame aulizwe. Ni desturi ya haraka. Mke husema ndiyo, muhuri hupigwa, watu huenda kunywa chai. Tulifika mwezi wa Aprili shule zikiwa zimefungwa. Ukumbi ulijaa. Baba alivaa tai. Mkuu wa tarafa, ambaye watu wote walimwita Dio, alikuwa mtu wa kutoka mbali, mwenye Kiswahili kizuri alichokipunguza kwa ajili yetu.

"Mama, wewe umekubali hii shamba iuzwe?"

"Niko na swali," mama alisema.

"Uliza."

"Si kwako, Bwana Dio. Ni ya mwalimu. Ni ya jiografia."

Wazee wa bodi walicheka, mmoja akagonga meza. "Ati jiografia! Haya, mwalimu, simama."

Baba alisimama akitabasamu. Nadhani alidhani anapewa heshima.

"Kule Wyoming," mama alisema, "serikali iliweka watu mahali mvua haifiki. Kila mtu ekari mia moja na sitini. Hao watu walifanya nini?"

Tabasamu la baba lilibaki usoni kwa muda baada ya yeye mwenyewe kuondoka. Kisha akageuza kichwa polepole, akanitazama mimi. Hakukuwa na mtu mwingine kati ya Mukurweini na Nyeri mjini ambaye angeweza kumsomea mama ukurasa ule. Nilitamani sakafu inimeze, lakini sakafu ya serikali ni saruji. Nimefikiri sana juu ya dakika hiyo. Ndani ya ukumbi ule hakuna aliyeijua Wyoming ila sisi watatu. Angesema walitajirika. Angesema walijenga makanisa, wakafuga kondoo, wakazaa magavana. Nani angempinga? Zile ekari kumi, upepo ule, ukimya aliolilia, vyote vilikuwa umbali wa uongo mmoja mdogo.

"Wengi walihama," baba alisema.

"Kwa nini?" Dio aliuliza. Alikuwa ameweka kalamu chini.

"Kwa sababu bila mvua, hata hizo hazikutosha."

"Na wewe unanunua ngapi?"

"Kumi."

Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele kama maji. Mzee mmoja alipiga kelele, "Mwalimu ameanguka mtihani wake mwenyewe!" na hata Dio alilazimika kufunika mdomo. Faili likafungwa bila muhuri. Mama alikuwa bado amesimama, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, wala hakuwa akicheka.

Tangu siku hiyo mpaka alipostaafu, jina la baba sokoni lilikuwa Wyoming. "Wyoming, huko kumenyesha?" wauza ndizi walimwita, naye akainua kofia akapita. Kitabu alikirudisha shuleni. Kwangu hakusema neno la lawama, isipokuwa siku moja tukichuma kahawa aliniuliza, "Ulimsomea mlango wote, au nusu?"

"Wote."

"Basi vizuri," alisema. "Mtu asisome nusu." Akaendelea kuchuma.

Sasa mimi ni mwanamke wa makamo mwenye shahada mbili na goti moja bovu, ninayefundisha vijana mambo ambayo simu zao zinayajua, na kuandika insha ambazo jamaa zangu huzisoma ili kuhakikisha hawajatajwa. Baba alifariki miaka michache iliyopita. Ekari tatu zimegawanywa kwa watoto, na sehemu yangu ni nyembamba kiasi kwamba nikilala kwa upana miguu inaingia kwa kaka yangu. Kahawa tuliing'oa, tukaipanda tena, tukaing'oa. Waliosema usiache mbachao kwa msala upitao hawakutuambia mbacha ukichakaa tufanyeje. Na zile nyanda za nyuma ya mlima? Siku hizi kuna lami, kuna visima virefu, kuna nyumba za plastiki za kukuzia maua zinazong'aa kama ziwa, na watu wa Nairobi wanajenga huko nyumba za mwisho wa wiki ili wautazame mlima wakiwa wamejifunika blanketi. Kipande cha ukubwa wa uwanja wa mpira wa wavu hugombaniwa. Yeyote aliyeshikilia ekari kumi hadi leo ni tajiri. Jambo hili nimemwambia mama zaidi ya mara moja, kwa sauti ya mzaha, na kila mara ameangalia pembeni.

Mwaka jana, mwezi wa Agosti, aliniomba nimpeleke. Sikumuuliza kwa nini. Ana zaidi ya miaka themanini na hutumia fimbo, lakini mahali penyewe alipajua kwa mkao wa mlima, akaniambia simamisha hapa. Palikuwa na ukuta wa mawe, lango la chuma, na nyuma yake paa la nyumba la vigae vya buluu. Tulishuka. Upepo ulikuwa uleule, au mimi nilitaka uwe uleule. Kupitia nafasi ya lango tuliona kibaraza, na kiti kimoja kimeelekezwa kwenye uwazi uliobaki. Mama alikitazama kiti hicho kwa muda mrefu sana, mpaka askari wa lango akaja kutuuliza kama tumepotea.

"Hatujapotea, kijana," alimwambia. Kisha akanishika mkono, tukaanza kurudi kwenye gari hatua kwa hatua.

"Hata leo ningekataa," alisema.

"Najua, Mami."

Alisimama apumzike. "Ila ningemwambia nyumbani," alisema. "Si mbele ya watu."